Uchungu unakaa wapi? Kuhusu meditesheni ya mwili na kukaa na hisia ngumu

Hebu chukua neno uchungu. Dawa ina uchungu ulimini, mama anayejifungua ana uchungu, aliyefiwa ana uchungu moyoni, neno ni moja na hakuna anayechanganyikiwa akilisikia. Kinyongo nacho ukikitazama vizuri kina nyongo ndani yake. Tunasema roho imeniuma, tumbo joto, maneno yake yamenikata maini, kifua kimenijaa, na kitenzi kinachobeba njaa na baridi ndo hichohicho kinabeba huzuni: nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia huzuni. Yaani waliotuachia hii lugha walijua kitu ambacho sisi tukiulizwa tu "unajisikiaje?" tunakisahau palepale, maana tunaanza kusimulia. Nani alisema nini, lini, mimi nikamjibu vipi, na vile ambavyo ningemjibu ningekuwa na akili siku ile. Dakika 20 zinapita na swali lenyewe halijaguswa. Unajisikiaje, wapi?

Nataka kuongelea hiyo "wapi". Kuna aina ya meditesheni, wengine wanaiita tafakuri ya mwili, ambayo kazi yake nzima ni kushuka kutoka kwenye simulizi mpaka pale hisia ilipotua, ukakaa hapo bila kuifukuza na bila kuichochea, na kwa mtu wa imani unakaa hapo mbele za Mungu. Ukiisema hivo inaonekana nyepesi. Ila imezungukwa na mambo mengi yaliyochanganywa, kuna wanaodhani ni ya kujituliza ili upate usingizi, kuna wanaodhani lazima kichwa kiwe kitupu, wengine wanadhani ni kulia na kupiga mto ngumi, na wengine wanaiogopa kabisa wakiona ni kuingia dini ya watu. Mimi nilianza nikiwa na karibu yote hayo kwa pamoja, ndo maana nataka niyatenganishe polepole.

Tuanze na hisia yenyewe, fundo kubwa liko hapo. Kiswahili kinatumia neno hisia kwa ngozi iliyoguswa na pia kwa hasira, na hivi vitu viwili kweli vinaishi nyumba moja. Mwaka 1884 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliandika kwamba tumeupanga mfuatano kinyume: tunadhani mtu anamwona dubu, anaogopa, afu anakimbia, kumbe mwili unaanza wenyewe, moyo unaenda mbio, magoti yanalegea, na kule kuusikia mwili ukibadilika ndo tunakokuita hofu. Alipingwa sana. Walter Cannon, mtafiti wa jinsi mwili unavyofanya kazi, mwaka 1927 alisema moyo kwenda mbio peke yake haukwambii kama umekasirika au umeogopa, mwili unafanana kwenye hisia nyingi, na hapo alikuwa na hoja nzito. Leo wengi hawamfuati James neno kwa neno, ila kitu kimoja alichokisema kimebaki na kimepata nguvu, kwamba ubongo unausoma mwili muda wote, usiku na mchana, na usomaji huo ni sehemu ya hisia, sio matokeo yake tu.

Njia kubwa ya usomaji huo ni neva ya vegasi, inayotoka kwenye shina la ubongo ikashuka shingoni mpaka kwenye moyo, mapafu na utumbo. Watu wengi wakiisikia wanadhani ni waya wa kupeleka amri chini. Kumbe karibu asilimia 80 ya nyuzi zake zinapeleka habari juu, kutoka tumboni na kifuani kwenda kichwani. Na ndani ya ubongo, kwenye mkunjo wa pembeni usioonekana kwa nje, kuna sehemu inaitwa insula ambayo inapokea hizo habari za ndani, mapigo, njaa, joto, kubanwa, na hiyohiyo inashiriki mtu anapohisi huruma au karaha. Mwaka 2014 watafiti wa Finland waliwapa watu karibu 700, wa Finland, Sweden na Taiwan, michoro ya umbo la mtu wapake rangi pale wanaposikia mwili ukiamka au ukizima kwa kila hisia. Hasira ikajaa juu, kifuani na mikononi. Huzuni ikazima mikono na miguu. Furaha ikawasha mwili mzima. Na michoro ya wa Ulaya ikafanana sana na ya wa Asia. Sasa hiyo ni ramani ya wanachosema watu, sio kipimo cha damu wala mashine, lakini anayetaka kukaa na hisia zake anahitaji ramani ya namna hiyohiyo, ya ndani, ya vile anavyosikia yeye.

Kwa hiyo hisia ngumu ina sehemu mbili zilizoshikana: kuna kinachotokea mwilini, na kuna simulizi juu yake. Kutenganisha hizo mbili ndo kazi yote. Kuna sutta moja, yaani mafundisho ya zamani ya Kibudha, inaitwa Sallatha Sutta, humo Buddha anasema mtu asiyefundishwa akipata maumivu ni kama amechomwa mshale mmoja afu akachomwa na wa pili, wa kwanza ni maumivu yenyewe na wa pili ni kule kuhangaika nayo, kulalamika, kujilaumu, kutaka yawe hayajatokea. Ukweli wa ule mshale wa pili nimeuona kwangu mwenyewe, ngoja nieleze.

Miezi michache baada ya kumzika baba, kaka yangu alinitumia meseji usiku. Maneno matatu, "ila wewe hukuwepo". Alikuwa anaongelea wiki ya mwisho hospitalini, na ni kweli sikuwepo, nilifika siku moja nimechelewa. Niliisoma nikiwa nimelala chali, simu juu ya uso. Nikaanza kuandika jibu. Nikafuta. Nikaandika lingine refu kidogo, lenye tarehe na hesabu ya nauli na nani alinizuia ruhusa kazini, nikafuta. Ilifika saa tisa na kitu bado naandika kichwani, na kila jibu lilikuwa kali kuliko la kabla yake, na cha ajabu kila nikipata jibu zuri kabisa la kumnyamazisha nilikuwa nazidi kuumia, sio kupoa.

Nikaweka simu chini nikakaa kitako pembeni ya kitanda. Sikuwa na nguvu ya kufanya lolote la maana, nikajiuliza tu, iko wapi. Ningeulizwa haraka ningesema moyoni. Haikuwa moyoni. Ilikuwa chini ya mbavu upande wa katikati, ukubwa wa ngumi, ngumu, juu yake kuna joto na chini yake kuna kama ubaridi, na taya langu lilikuwa limebana mpaka meno ya nyuma yanauma, na mkono wa kushoto ulikuwa umeshika shuka kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Nikauona mkono. Sikuufungua, niliuona tu, afu ukafunguka wenyewe baada ya muda. Ile ngumi chini ya mbavu ikabaki, ila ikaanza kupanda, ikafika kooni, na ilipofika kooni haikuwa hasira tena. Ilikuwa ni baba. Nililia kwa muda mfupi, kidogo kuliko nilivyotegemea, na kaka hakuwemo kabisa kwenye kile kilio.

Sasa angalia hapo hasira haikutatuliwa kwa hoja. Nilikuwa na hoja za kutosha. Na haikuondoka kwa sababu niliifukuza, maana saa nzima ya kwanza nilikuwa naifukuza. Ilisogea kwa sababu kwa mara ya kwanza usiku ule kuna mtu alikaa nayo, na huyo mtu nilikuwa mimi.

Hapa ndo naomba tuelewane, kukaa na hisia sio kujituliza. Kupumua ili utulie ni kitu kizuri na kina nafasi yake, nitakuja hapo, lakini mtu akikaa na uchungu wake huku anausubiri uondoke, ule uchungu unajua, yaani mwili unabaki umekaza kwa sababu bado unafukuzwa, umefukuzwa kwa adabu tu. Kuna habari ya S. N. Goenka, mfanyabiashara aliyekulia Burma, alikuwa anateswa na kipandauso kikali na madaktari wamemshinda, akaenda kwa mwalimu wa vipassana, aina ya meditesheni ya Kibudha, aitwaye U Ba Khin ambaye alikuwa pia mkuu wa hesabu za serikali kule. Mwalimu mwanzoni akamkatalia. Akamwambia njia hii haikuwekwa kwa ajili ya kutibu kichwa, ukija kwa ajili ya kusafisha akili karibu, kichwa kikipona ni ziada. Goenka baadaye ndo aliyeisambaza ile njia duniani kuanzia India mwaka 1969, kozi za siku 10 za ukimya ambapo mtu anapitisha usikivu wake mwilini kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, anasikia kila kinachosikika, kizuri hakikimbilii na kibaya hakikwepi. Lile katazo la mwalimu wake mimi naliona ndo somo lenyewe.

Pia sio kumwaga. Kupiga kelele, kupiga mto, kumtumia mtu meseji ndefu saa nane usiku, vyote hivyo vinaweza kukupa nafuu ya dakika kadhaa, ila mara nyingi vinalisha simulizi. Na sio kukandamiza, hiyo wengi tunaijua, tumefundishwa kupiga moyo konde tangu utotoni. Katikati ya kumwaga na kukandamiza kuna kitu cha tatu ambacho hakina jina zuri, mimi nakiita kukaa tu. Unakaa nayo kama unavyokaa na mgeni aliyekuja na habari ya msiba, humfukuzi, humhoji maswali, humwambii anyamaze. Unamsogezea kiti.

Inafanywaje basi. Kaa, sakafuni au kwenye kiti haijalishi, au simama ukishindwa kukaa, cha muhimu miguu iguse kitu. Na kabla hujaenda kwenye kinachouma anza mahali pasipouma, hili watu wengi wanaliruka na wanajuta. Sikia nyayo zako zinavyogusa chini. Sikia uzito wa makalio kwenye kiti, viganja, mgongo unapoegemea. Tafuta sehemu moja ya mwili iliyo shwari au angalau isiyo na habari, hata iwe kidole gumba cha mguu, hapo ndo nyumbani, utakuwa unarudi. Afu ndo ujiulize polepole, hiki kinachonisumbua kiko wapi saa hizi? Usijibu kwa kichwa. Subiri. Mwili unajibu taratibu sana kuliko mawazo, wakati mwingine dakika mbili tatu kimya tu, na mtu aliyezoea simu anaona kama hakuna kinachotokea.

Ukishapapata mahali hapo, paelezee kwa maneno ya mwili. Kunabana, kunawaka, kuzito, kunatetemeka, kumekufa ganzi, ni kama kamba, ni kama jiwe, ni kama maji. Ukijikuta unasema "ni kwa sababu alini...", umeshapanda kwenye simulizi, usijigombeze, rudi kwenye nyayo afu shuka tena. Angalia kingo zake, panaanzia wapi na panaishia wapi, pana joto au baridi, pametulia au panasogea. Acha pumzi ipite karibu yake bila kuisukuma. Ikiwa kali sana rudi kwenye kile kidole gumba mpaka upoe, afu nenda tena kidogo. Peter Levine, ambaye kazi yake ni watu waliopata kiwewe, anafundisha huo mwendo wa kwenda na kurudi, kama pembea, na anasisitiza kuchukua kidogokidogo, tone moja, kuliko kujitosa kwenye kisima chote. Dakika 10 au 15 zinatosha kabisa kwa anayeanza. Ile programu ya wiki 8 aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 pale Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa ambao maumivu yao yalikuwa hayatibiki kwa njia za kawaida, ilikuwa inatumia dakika 45 za kuupitia mwili ukiwa umelala, ila hao walikuwa na mwalimu na kundi.

Kuhusu kuipa jina, kuna jambo zuri sana. Eugene Gendlin wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers, alisikiliza na wenzake rekodi nyingi za watu wakiongea na washauri wao, wakitafuta kwa nini wengine wanapona na wengine hawaponi. Walichokuta ni kwamba wanaofanikiwa walikuwa na namna yao ya kuongea. Wanasita. Wanasema "sio hasira haswa... ni kama... hapana... ni kama nimeachwa nyuma", yaani wanashuka, wanaonja neno, wanalikataa, wanachukua lingine, mpaka linakaa. Na neno likikaa mwili unajibu, kifua kinafunguka kidogo na pumzi inashuka. Kushusha pumzi! Tunalo tayari, tunalisema kila siku bila kulifikiria. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa UCLA walionyesha pia kwenye picha za ubongo kwamba mtu akiipa hisia jina, ile amigdala inayopiga kengele ya hatari inapunguza makelele. Kwa hiyo jina linasaidia, ila liwe ni jina lililotoka chini, maana ukibandika tu "hii ni stresi" kwenye kila kitu hakuna kinachosogea, stresi ni gunia, kila mtu anatupia humo.

Sasa upande wa roho, ambao kwangu ndo moyo wa jambo. Kuna watu wanasema mwili ni kitu cha chini na sala ni kitu cha juu, kwa hiyo kukaa unasikiliza tumbo lako mbele za Mungu ni kama kumkosea heshima. Ukiangalia historia ya watu wa sala sivyo ilivyo. Mwimbaji wa Zaburi ya 22 anamwambia Mungu mifupa yake imeteguka na moyo wake umekuwa kama nta, ulimi umeshikamana na taya, anapitia mwili wake kiungo kwa kiungo, na hiyo ndo sala yake. Watawa wa Mlima Athos kule Ugiriki walikuwa wanaomba sala fupi ya kumwita Yesu wakiwa wameinamisha kichwa kuelekea kifuani, wakiifuatisha na pumzi, na karne ya 14 mwanazuoni mmoja aitwaye Barlaam akawadhihaki kwamba ni watu wenye roho kitovuni. Aliyewatetea ni Gregory Palamas, hoja yake kwa ufupi ni kwamba mwili sio uovu, ni hekalu, na akili ya mtu inatakiwa irudishwe ndani ya mwili na sio itolewe, na mwaka 1341 mabaraza ya kanisa pale Constantinople yakasimama upande wake. Kwa Waislamu kuna ile hadithi ya Mtume iliyopokelewa na Abu Daud, kwamba mmoja wenu akikasirika akiwa amesimama akae, na hasira isipomtoka ajilaze. Hebu ifikirie vizuri. Hakuambiwa kwanza atafute nani ana haki. Aliambiwa aushushe mwili chini. Na kwenye tarika ya Kisufi ya Naqshbandi moja ya misingi ya zamani ni kuwa na ufahamu ndani ya kila pumzi, isiingie wala kutoka mtu akiwa ameghafilika.

Na hapo kwenye pumzi sayansi na sala vimekutana kwa namna iliyonigusa sana. Mtu mzima akiwa ametulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka 2001 Luigi Bernardi na wenzake walichapisha utafiti mdogo wa watu 23 wenye afya, wakasali rozari kwa Kilatini na wakati mwingine wakakariri mantra ya yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa, na vyote viwili vikawashusha mpaka kama pumzi 6 kwa dakika, kasi ambayo mapigo ya moyo na presha vinaanza kwenda kwa mawimbi yanayopatana. Ni kwamba ukivuta pumzi moyo unaongeza kasi kidogo, ukiitoa unapunguza, kwa hiyo sala yenye maneno marefu ya kusema kwa pumzi moja ya kutoa inakuwa inaushika moyo mkono bila wewe kujua. Bibi aliyeshika tasbihi au rozari yake hakuhitaji kuambiwa hivo. Lakini mimi nilihitaji.

Nisidanganye kwamba hizi njia zote ni kitu kimoja, sio. Mbudha anakaa na maumivu ili aone kwamba yanakuja na kupita na hakuna "mimi" imara anayeyamiliki. Mkristo na Mwislamu anakaa nayo kwa sababu kuna Anayeona, na kukaa kwake ni kumwonyesha. Tofauti hiyo ni kubwa na inabadilisha jinsi ukimya unavyosikika. Kinachofanana ni mlango, wote wanaingilia mwilini. Na kwangu mimi kuwa na Anayeona kulibadilisha kitu kimoja mahususi: usiku ule pembeni ya kitanda sikuwa najirekebisha. Nilikuwa naonekana nikiwa hivohivo, na taya langu lililobana. Mtu anayejirekebisha anaharakisha, na mtu anayeonekana kwa huruma anaweza kusubiri.

Ila kuna mtego na lazima niuseme, maana nimeuona unaumiza watu wema. Mwaka 1984 John Welwood, mwanasaikolojia aliyekuwa pia Mbudha, alitoa jina kwa tabia ya kutumia mambo ya kiroho kukwepa vidonda vya moyo. Mtu anasema "nimemsamehe, nimemwachia Mungu" na mabega yamepanda mpaka masikioni. Hadanganyi, anataka kweli kusamehe. Lakini kichwa kimetangulia kufika na mwili bado uko njiani, na mwili usiposubiriwa unakuja kusema kwa namna nyingine, kwa kukosa usingizi, kwa ukali kwa watoto ambao hawahusiki. Kumwachia Mungu kitu ambacho hujakishika bado ni vigumu. Kishike kwanza, kisikie kilivyo kizito, afu kiachilie ukijua unachoachilia.

Hisia zenyewe haziendi sawa. Hasira ukikaa nayo inasogea haraka, na mara nyingi chini yake kuna kitu laini zaidi. Huzuni ni nzito ila haina ugomvi, ukiipa nafasi inakaa na wewe kama mvua. Hofu inataka pumzi na nyayo sana. Aibu ndo ngumu kuliko zote na watu wengi wanaacha meditesheni kwa sababu yake bila kujua, maana aibu inakataa kuonekana, uso unawaka, kichwa kinainama, mwili wote unataka kupungua uwe mdogo upotee, sasa wewe unaposema "ngoja nikuangalie" inazidi kujificha. Kwa aibu usiende moja kwa moja. Weka mkono kwenye shavu linalowaka au kifuani, fungua macho, tazama kitu kilichopo chumbani, mlango, dirisha, afu kaa na lile joto la shavu tu, usiende ndani zaidi. Na kama kuna mtu unayemwamini, aibu inalegea mbele ya mtu mwingine kuliko peke yako, hapo nashauri kabisa usijifungie.

Wengine wanakaa na hawasikii chochote. "Niko mtupu tu." Utupu nao una mahali, una ukubwa, una ubaridi wake, kaa na huo. Mara nyingi ganzi ni mwili unaokulinda, na ulinzi haubomolewi kwa nguvu.

Na hapa niwe makini zaidi. Kama umepitia ukatili, ajali mbaya, vita, kubakwa, au kupigwa utotoni, kufunga macho na kuingia mwilini kunaweza kukurudisha palepale, kwa sababu mwilini ndo yalipotokea. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown amefanya kazi ya miaka kukusanya habari za watu waliopata shida kwenye meditesheni, hofu kali, kukosa usingizi, kujiona kama wametoka nje ya miili yao, na walikuwemo watu waliozoea na hata walimu. Kwa hiyo ukianza kujisikia uko mbali, sauti zinakuwa kama za kwenye bomba, au picha zinakujia zenyewe na huwezi kuzizuia, acha. Fungua macho, simama, shika ukuta, taja vitu vitano unavyoviona, kunywa maji ya baridi. Kuacha hapo ni sehemu ya njia, hujashindwa. Afu mtafute mtaalamu wa saikolojia anayejua mambo ya kiwewe mfanye pamoja. Mwenye sonona nzito au mawazo ya kujiua asibaki peke yake chumbani na hii kitu, aende hospitali, aongee na mtu leo hii. Na jingine ambalo linasahaulika: kifua kinachobana mpaka kwenye mkono au taya, na jasho la baridi, na pumzi haitoshi, hicho ni cha kupelekwa kwa daktari haraka, usikae kukitafakari.

Ukimaliza usinyanyuke ghafla. Rudi kwenye nyayo, rudi kwenye viganja, visugue, fungua macho taratibu uone chumba bado kipo. Kama kuna jambo la kufanya, mtu wa kumwomba radhi, simu ya kupiga, usiifanye dakika ileile, subiri hata nusu saa. Mimi nilimjibu kaka kesho yake saa nne asubuhi. Niliandika "kweli sikuwepo kaka, na inaniuma". Zile tarehe na hesabu ya nauli sikuziweka. Hakujibu siku ile. Alinipigia jumapili, tukaongea mambo mengine kabisa, afu karibu na mwisho akanyamaza, nikamsikia kwenye simu anashusha pumzi.